Kuuza Nje, Kuhamisha au Kutoa? Istilahi za Matoleo ya Video na Vibonzo

Mojawapo ya matatizo yanayowakabili wafasiri wa vitabu na masomo ya kompyuta ni neno moja lionekanalo katika kila programu ya kuhariria video na kutengenezea vibonzo. Mhariri akimaliza kazi hubofya neno hilo, huchagua aina ya faili aitakayo, na baada ya muda hupata faili jipya ambalo aweza kumkabidhi mteja, kulipeleka kituo cha televisheni au kulituma kwa simu. Katika Kiingereza neno hilo ni lile lile walitumialo wafanyabiashara wapelekao kahawa Ulaya. Basi wafasiri wetu wamegawanyika. Wako walioandika "kuuza nje", hasa wale wanaotegemea tafsiri za mashine. Wako walioandika "kuhamisha", nalo huonekana mara kwa mara katika programu za simu. Na wako walioona heri kuliacha lilivyo, wakaandika "kueksipoti". Mafundi wa studio hawakumngoja mtu yeyote. Wao husema "kurenda", na wakiulizwa maana yake hujibu kwamba ni kuitoa kazi.

Jibu hilo la mafundi tutalirudia. Nia yetu hapa ni kueleza kwanza jambo lenyewe, ndipo lifuate jina, maana istilahi nyingi zilizokataliwa na watumiaji hazikukataliwa kwa ubaya wa sauti zake, bali kwa kuwa aliyezitunga hakuiona kazi ikifanyika.

Mifano yetu mingi tumeichukua Kyimo, kata ya Wilaya ya Rungwe iliyo kando ya barabara kuu itokayo Uyole kupita Tukuyu hadi mpakani Kasumulu. Hatukuichagua kwa kuwa ina studio kubwa. Tumeichagua kwa sababu huko, kama katika miji midogo mingi ya nchi yetu, kazi ya video imekuwa kazi ya kawaida kama ushonaji au useremala. Huchukuliwa picha za harusi, za kwaya na za mazishi. Huhaririwa katika kompyuta moja iliyomo katika chumba cha kupanga. Kisha hukabidhiwa wateja ambao kila mmoja ana chombo chake cha kutazamia. Huyu ataka flashi ya kuchomeka nyuma ya televisheni, yule ataka ya kutuma kwa WhatsApp kwa ndugu aliye Dar es Salaam, na mwingine bado anayo mashine yake ya DVD na hana mpango wa kuitupa. Kazi ni moja, matoleo ni matatu.

Mkazi wa Rungwe anajua vema maana ya kuuza nje. Parachichi za wilaya hii huchumwa, huchambuliwa kwa ukubwa, hupangwa katika makatoni ya kilo 4 na kusafirishwa kwenda Ulaya. Tunda lililokwisha kupanda meli haliko tena mtini, na hakuna aliyewahi kutarajia kulikuta huko. Sasa mtu huyo huyo akisoma katika kitabu cha mafunzo kwamba "uza nje mradi wako", ataelewa nini? Ataelewa kwamba mradi unaondoka. "Kuhamisha" halina nafuu. Anayehama nyumba huiacha tupu, na katika kompyuta zile zile "kuhamisha faili" hutumika kwa maana ya kuliondoa folda moja na kulitia katika folda nyingine. Maneno yote mawili yanasema jambo ambalo si kweli.

Tuangalie, basi, linalotokea hasa.

Faili la mradi kwa kawaida halina picha ndani yake. Lina maelekezo: chukua picha za faili lile, anzia sekunde ya 12, ishia sekunde ya 19, ziunge na wimbo ule, andika jina la bwana harusi hapa, punguza mwanga pale. Ni kama karatasi ya mapishi. Programu inapoionyesha kazi kwenye kioo huwa inayasoma maelekezo hayo papo hapo na kwenda kuzitafuta picha zilipo katika diski. Ndiyo maana mtu anayenakili faili la mradi peke yake na kulipeleka katika kompyuta nyingine hukuta madirisha matupu na tangazo kwamba picha hazikupatikana. (Hata lile neno la kinyume, ambalo wengi wamelitafsiri kwa "kuingiza", mara nyingi halimaanishi kwamba picha imeingia mahali popote, programu imeandika tu anwani yake. Lakini "kuingiza" limekwisha kuzoeleka na halimdhuru mtu, kwa hiyo hatuna ugomvi nalo.)

Ile kazi ya mwisho tunayoitafutia jina ni kuyatekeleza maelekezo hayo yote, fremu moja baada ya nyingine, tangu mwanzo hadi mwisho, na kuyaandika matokeo katika faili jipya linalojitegemea. Faili hilo halihitaji tena mradi, wala programu iliyolitengeneza, wala picha za asili. Kwa upande mwingine, haliwezi kutenguliwa: jina la bwana harusi limekwisha kuwa sehemu ya picha, kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka katika mchuzi. Na mradi wenyewe? Umebaki pale pale, mzima, tayari kutoa faili la pili na la tatu.

Tofauti hii si ya kubishaniwa na wanaisimu peke yao. Tumesimuliwa habari za kwaya moja iliyorekodi nyimbo zake kwa video, na kijana aliyekuwa akijifunza uhariri kwa programu ya Kiswahili akaona imeandikwa kwamba mradi "umehamishwa" kikamilifu. Diski ilikuwa imejaa. Akaufuta mradi pamoja na picha za asili, kwa kuwa aliamini kwamba kila kitu kimekwenda katika lile faili jipya. Wiki mbili baadaye kwaya iligundua kwamba katika wimbo mmoja maneno yaliyoandikwa chini ya picha yana kosa. Lingekuwa jambo la dakika kumi. Badala yake waimbaji walivaa sare zao upya, wakarudi kando ya mto, wakaimba wimbo ule mbele ya kamera mara ya pili. Na hao walikuwa na bahati, kwa kuwa waimbaji walikuwapo. Picha za mzee aliyekwisha kufariki, akihadithia kwa Kinyakyusa asili ya ukoo wake, hazirudiwi.

Neno gani litufae? Laiti "kupakua" lingekuwa bado huru. Mama hupakua chakula kutoka chungu kimoja na kukitia katika vyombo mbalimbali, hiki cha wageni, hiki cha watoto, na sura ya chakula hufuata chombo. Lakini tangu intaneti ienee "kupakua" limepewa kazi ya kuchukua faili kutoka mtandaoni, na mwenziwe "kupakia" kazi ya kulipeleka huko. Maneno hayo yamekubalika kwa haraka ambayo istilahi chache za kompyuta zimeipata, na kuyavuruga sasa kungekuwa ukorofi. Tena, tukiwa wakali, chungu hupungua kwa kila sahani.

Lipo neno lisilo na ila hiyo, nalo ni "kufyatua". Mfyatuaji wa matofali hujaza udongo katika kalibu, hulitoa tofali, na kalibu hubaki ilivyokuwa. Tofali la mia halipunguzi chochote. Kwa usahihi wa maana hatujaona linaloshinda hili. Hata hivyo neno hili lina jamaa wabaya: mtego hufyatuka, bunduki hufyatuka, na mtu mwenye maneno ya ovyo huambiwa anafyatuka. Afisa habari wa wilaya akiandika katika barua rasmi kwamba "video imefyatuliwa" atachekwa, na istilahi inayochekesha haifiki mbali.

Ndipo tunaporudi kwa mafundi wa Kyimo na jibu lao. Mhariri wa gazeti hulitoa gazeti. Mwandishi hutoa kitabu. Na kitokacho huitwa "toleo". Kuchapwa kwa toleo hakuumalizi mswada. Kazi moja yaweza kuwa na toleo la jalada gumu na la jalada jepesi, la watoto na la wakubwa. Hayo ndiyo hasa mahusiano tuliyoyaeleza kati ya mradi na faili. Tunapendekeza, basi, "kutoa toleo" kwa kitendo, "utoaji" kwa shughuli, na "toleo" kwa faili linalopatikana. Tunasisitiza kwamba kitenzi kisisimame peke yake. Kitufe kilichoandikwa "Toa" kinaweza kumaanisha ondoa, au fanya hesabu ya kutoa, na mtumiaji mwoga hatakigusa. Kiandikwe "Toa toleo". Wako watakaosema kwamba "toleo" limekwisha kutumika kwa hatua za programu, kama tusemapo toleo la pili la programu fulani. Ni kweli, lakini hatuoni mtu atakayechanganya toleo la programu na toleo la harusi yake.

Kuhusu "kurenda" tutasema kidogo. Hilo hasa ni sehemu ya ndani ya utoaji, pale kompyuta inapoikokotoa kila fremu, na mafundi wameligeuza kuwa jina la shughuli nzima. Linanyambulika bila taabu: nimerenda, inarendeka, nirendee. Neno la kukopa lililokwisha kujifunza adabu za sarufi yetu hivyo halina haja ya kufukuzwa mlangoni. Tunaloomba ni kwamba vitabu vya mafunzo vilibakize katika maana yake ya ndani.

Kwa kitendo kingine kinachofanana nacho lakini si hicho, walimu wawe waangalifu zaidi. Mara nyingi mtu hana mradi. Ana toleo moja tu, naye ataka aina nyingine ya faili. Hapo hatoi toleo, anageuza. "Kugeuza" ni kulifungua faili lililokwisha kubanwa, na kwa kawaida kulibana upya kwa njia nyingine. Ubanaji utumikao katika video nyingi ni ule unaopoteza: programu hutupa yale ambayo jicho halitayakosa upesi. Katika viwanda vya chai vya Rungwe kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, nayo ni chai nzuri inayosafirishika, lakini hakuna mtambo wa kuirudisha kuwa majani mabichi. Vivyo hivyo na video. Anayegeuza toleo kutoka toleo, na kutoka hilo jingine tena, hutupa kidogo kila mara, na ndiyo sababu ile video ya harusi iliyopita katika simu kumi hufika ikiwa imejaa vimraba na nyuso zisizo na macho. Uko pia ubanaji usiopoteza, ambao hurejesha kila kitu kama kilivyokuwa. Mafaili yake ni makubwa, na hutumika zaidi katika kuhifadhi.

Sasa tuje kwenye "umbizo", neno lililotumiwa na wafasiri wa programu za Kiswahili tangu miaka ile Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoka (2004) na hata baadaye, kwa maana ya namna faili lilivyopangwa ndani yake. Baadhi ya waandishi hupendelea "muundo". Sisi tunaona "muundo" lina kazi nyingi mno tayari. Mtumishi wa serikali akilisikia hufikiria muundo wa utumishi. "Umbizo" libaki. Tatizo halimo katika neno, limo katika kudhani kwamba linataja kitu kimoja. Mteja husema anataka "umbizo la MP4", hupewa MP4, huichomeka katika televisheni, na akasikia sauti bila kuona picha. Hurudi akiwa amekasirika, na fundi huapa kwamba ametoa kama alivyoagizwa. Wote wawili wana haki, maana lugha waliyotumia haikutenganisha kasha na kilichomo.

MP4 ni kasha. AVI, lililotolewa na Microsoft mwaka 1992, ni kasha. MOV la Apple ni kasha. WebM ni kasha. Kazi ya kasha ni kuvifunga pamoja vitu mbalimbali ili visafiri bila kupotezana: mkondo wa picha, mkondo wa sauti, pengine mikondo miwili ya sauti, na manukuu. Wasomaji vijana huona jambo hilo kuwa la kawaida. Haikuwa hivyo siku zote. Katika miaka ya 1935 hadi 1937 palikuwako Vugiri, katika milima ya Usambara, majaribio ya sinema ya elimu yaliyoongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zao zilikuwa za upana wa milimita 16 na hazikubeba sauti. Maneno na muziki viliwekwa katika santuri zilizochezwa sambamba na filamu. Gari lao lilipozunguka lilichukua, kwa hiyo, vitu viwili vilivyoachana. Santuri ikivunjika, filamu ilikuwa bubu. Lakini picha zile zile ziliweza kusema Kiswahili mahali hapa na lugha nyingine mahali pale kwa kubadili santuri tu, na faida hiyo haikupotea: kasha la leo laweza kubeba sauti ya Kiswahili na ya Kinyakyusa pamoja, mtazamaji akachagua. Vipindi vya vibonzo vya Ubongo Kids, vilivyoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014 kwa Kiswahili, vimetolewa baadaye kwa Kiingereza na lugha nyingine kwa kuwa picha na sauti ziliwekwa mbalimbali katika mradi. Wafasiri wanaoitwa kutafsiri vipindi vya namna hiyo wajue kwamba wanapaswa kudai faili la mradi au walau mkondo wa sauti usio na maneno. Wakipewa toleo lililokwisha kuunganishwa, muziki na maneno haviachanishwi tena kwa urahisi.

Kilichomo ndani ya kasha kimesimbwa, na kimesimbwa kwa kanuni fulani. Hapa Kiswahili kina bahati, kwa sababu wananchi wameufanya ufafanuzi kabla yetu. Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, na miji mingine ikafuata, kila nyumba yenye televisheni ya zamani ilihitaji kifaa cha kuyafasiri mawimbi ya dijitali. Watu wakakiita "king'amuzi". Katika maandishi rasmi likatumika pia "kisimbuzi". Hakuna leo asiyejua kwamba picha yaweza kufika nyumbani na bado isionekane kwa kukosa kifaa cha kuifumbua. Jambo lile lile hutokea ndani ya faili. Picha zilizosimbwa kwa kanuni ya H.264, iliyokubaliwa kimataifa mwaka 2003, hufumbuliwa na karibu kila kifaa kilichoko sokoni. Zile za H.265, ya mwaka 2013, huchukua nafasi ndogo zaidi kwa ubora ule ule, lakini televisheni nyingi za zamani hazina king'amuzi chake ndani. Makasha yote mawili yameandikwa MP4 kwa nje. Kwa hiyo "kusimba" litumike kwa kuandika kwa kanuni, "kusimbua" kwa kuifumbua, na kanuni yenyewe iitwe "kanuni ya usimbaji", au "kodeki" pale wataalamu wanapozungumza wao kwa wao.

Pengine msomaji atauliza kwa nini usimbaji uwepo hata kidogo. Hesabu itajibu. Picha ya kawaida ya video ya leo ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Kila pikseli ikiandikwa kwa baiti 3, fremu moja ni baiti milioni 6.2, fremu 25 za sekunde moja ni baiti milioni 155. Kwa kiasi hicho diski ya DVD ya gigabaiti 4.7 ingejaa kwa sekunde 30. Bwana harusi asingefika mlangoni mwa kanisa. Ikisimbwa kwa H.264 kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, sekunde ile ile huchukua baiti milioni 1.

Na hata hapo mambo hayajaisha. Flashi nyingi zinazouzwa madukani zimepangwa kwa mfumo uitwao FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Kwa kasi tuliyoitaja, huo ni muda wa dakika 71 hivi. Harusi ya saa tatu haiingii, ingawa flashi ina nafasi tupu ya gigabaiti 32, na mteja hudhani amedanganywa. Fundi mwenye uzoefu huigawa kazi katika sehemu mbili au tatu tangu mwanzo, asingoje lawama.

Juu ya idadi ya fremu tutapita upesi. Televisheni za kwetu zilifuata utaratibu wa fremu 25 kwa sekunde, uliokwenda pamoja na umeme wa mizunguko 50; Zanzibar ilipoanzisha televisheni ya rangi mwaka 1973 iliutumia utaratibu huo. Marekani walishika fremu 30 kasoro kidogo. Simu nyingi zinazouzwa kwetu hurekodi kwa 30, na mradi ukiwekwa 25, baadhi ya fremu hudondoshwa na mwendo hukwama-kwama, hasa kamera inapogeuka. Mradi na ufuate kamera, isipokuwa kituo cha televisheni kimeagiza vingine.

Katika vibonzo utoaji una sura yake. "Uhuishaji" ni neno zuri, kwa kuwa linasema wazi kwamba kitu kisicho na uhai kinapewa uhai, ingawa watoto na wazazi wao wataendelea kusema "katuni", na hakuna ubaya. Fremu za video zilikwisha kupigwa na kamera. Fremu za uhuishaji hazipo mpaka kompyuta izitengeneze. Dakika moja ya fremu 25 kwa sekunde ni fremu 1,500. Ikiwa kompyuta ya kawaida hutumia sekunde 40 kwa kila fremu, dakika hiyo moja itahitaji saa 16 na dakika 40. Mtu akiagiza matokeo yaandikwe moja kwa moja katika faili la MP4, na umeme ukakatika katika saa ya 15, yamkini faili hilo halitafunguka kabisa, maana kasha hufungwa mwishoni. Kwa hiyo wahuishaji wazoefu, kwa mfano watumiao programu ya Blender ambayo ni ya bure, hutoa kwanza mfululizo wa picha, kila fremu ikiwa faili lake la PNG lenye namba. Umeme ukirudi, kazi huendelea kutoka fremu iliyofuata. Baada ya hapo picha hizo huunganishwa kuwa video kwa dakika chache. Neno "mfululizo wa picha" linatosha, na tunawasihi wafasiri wasilitungie jingine.

PNG ina sifa nyingine itakiwayo katika vibonzo: yaweza kuwa na sehemu zilizo wazi kabisa, kama kioo, ili mhusika awekwe juu ya mandhari yoyote. H.264 ya kawaida haibebi uwazi huo. Palipokuwa wazi hujazwa rangi, aghalabu nyeusi, na wanafunzi hudhani wameharibu kazi. Umbizo la GIF, lililotolewa mwaka 1987, hubeba uwazi wa namna fulani, yaani pikseli au ionekane au isionekane, lakini halina rangi zaidi ya 256 katika picha moja wala halina sauti. Lafaa kwa kichekesho cha sekunde tatu. Halifai kwa somo la afya.

Kwa watumishi wa serikali, mambo haya hukutana katika hati za zabuni na mikataba. Halmashauri huagiza video ya kuhamasisha chanjo au usafi wa mazingira, na hati husema tu kwamba mzabuni "atawasilisha video katika MP4". Tumekwisha kuona kwamba maneno hayo yanataja kasha na kunyamaza juu ya kilichomo. Mbaya zaidi, yananyamaza juu ya mradi. Mwaka unaofuata kiwango cha dozi kinabadilika, na Halmashauri inalipa video nzima upya kwa sababu ya tarakimu moja. Hati ingeweza kuandikwa hivi: "Mzabuni atakabidhi toleo moja la video katika kasha la MP4, picha zikiwa zimesimbwa kwa kanuni ya H.264, zenye pikseli 1920 kwa 1080 na fremu 25 kwa sekunde, sauti ikiwa imesimbwa kwa kanuni ya AAC. Pamoja na faili la mradi, picha na sauti zote za asili, na herufi zilizotumika." Herufi hizo za mwisho huonekana kuwa jambo dogo, lakini mradi unaofunguliwa katika kompyuta isiyokuwa nazo hubadili maandishi yote, na vichwa vya habari huvuka ukingo wa kioo.

Mzabuni aweza kudai malipo zaidi kwa kukabidhi mradi, na ni haki yake kufanya hivyo, kwa kuwa hicho ni kitu kingine kisichokuwa toleo. Hilo lijadiliwe kabla ya kutia sahihi. Baada ya miezi sita diski ya fundi itakuwa imejaa harusi za watu wengine.